Ña Deolinda, Fundi wa Bastola Zetu

Ukitaka kumjua Ña Deolinda Arrúa, anza na mikono yake. Ilikuwa midogo kama ya mtoto, imejaa makovu ya tupa na bisibisi, na siku zote ilinuka mafuta ya bunduki yaliyochanganyika na ndimu, maana aliisugua kwa ndimu kila alipotaka kushika chakula. Kwa miaka ishirini na sita bastola zote za kikosi chetu maalum cha polisi pale Asunción zilipita katika mikono ile, na haikutokea hata moja iliyomkwamia mtu siku ya hatari. Mimi, Wilfrido Cantero, nilikuwa mmoja wa waliozivaa kiunoni. Nikilala usingizi leo, namshukuru Mungu kwanza, halafu yeye.

Hakuja kwetu kama fundi. Alikuja na ufagio. Alikuwa na miaka thelathini na miwili, mjane, na mwanawe wa pekee alikuwa akilelewa na bibi yake huko Paraguarí. Kazi aliyopewa ilikuwa kufagia ghala la silaha, kupiga deki, na kuwatayarishia askari maji ya barafu ya tereré, chai yetu ya majani inayonywewa baridi. Hakuna aliyejua kwamba baba yake alikuwa fundi saa sokoni, wala kwamba yeye mwenyewe alikulia chini ya meza ya baba, akimshikia misumari midogo kuliko punje ya ufuta.

Ghala lilikuwa chini ya Sajini Ireneo Bogado, mtu mnene mwenye masharubu, mwingi wa kubweka lakini asiyeuma. Bogado alikuwa na siri. Mtoto wa jicho alikuwa anamla macho yote mawili, naye aliogopa kusema, kwa sababu fundi wa silaha asiyeona ni mtu wa kwenda nyumbani. Siku moja Deolinda aliingia na ndoo yake akamkuta sajini kapiga magoti, anapapasa sakafu kwa viganja viwili.

"Unatafuta nini, sajini?"

"Mali ya serikali. Wewe fagia huko."

"Kama ni hiki kipini, umekipigia goti. Inua la kushoto."

Bogado akainua goti la kushoto. Kipini kikawa pale. Akasema kwa sauti ya chini, "Funga mlango." Deolinda akaufunga. "Sasa niambie, hiki kinakwenda wapi?" Akamwekea bastola iliyofunguliwa mezani. Deolinda aliitazama kwa muda ule ambao mtu huitazama nyumba asiyoijua kabla ya kubisha hodi, kisha akakiingiza kipini mahali pake, kikalia tik.

"Nani kakwambia?"

"Hakuna mahali pengine panapokitaka," alijibu.

Ikawa hivyo miaka miwili. Bogado alitaja majina ya vipande, Deolinda akavikagua, akavipaka mafuta, akabadilisha vilivyochoka. Mtu akibisha, yeye anashika ufagio na sajini anashika bisibisi. Askari walisifu kazi ya sajini, naye aliwajibu kwa kukohoa.

Mambo yalifichuka siku alipokuja mkaguzi kutoka makao makuu, mtu wa suruali iliyopigwa pasi hadi kukata. Akachukua bastola moja rafuni akaiweka mbele ya Bogado. "Ifungue, uifunge. Nataka nione."

Kufungua si tatizo, vidole vya Bogado vilikuwa na kumbukumbu. Lakini wakati wa kufunga, springi ndogo ilimponyoka ikaruka, ikampiga mkaguzi kwenye kitufe cha shati. Bogado alibaki na mikono hewani, anageuza uso huku na huku kama kuku gizani.

Deolinda aliegemeza ufagio ukutani. Akaiokota springi miguuni pa mkaguzi, akasema "samahani, afande," akamsogeza sajini kidogo kwa nyonga, akaifunga ile bastola, akavuta chuma cha juu mara mbili kusikiliza, akaiweka mezani mtutu ukielekea ukutani.

"Mama, wewe ni nani hapa?" mkaguzi akauliza.

"Mfagiaji, afande."

"Nani kakufundisha?"

Bogado ndiye aliyejibu. "Mimi nilimfundisha majina tu. Mikono alikuja nayo. Kama ni kufukuza mtu, afande, nifukuze mimi, maana mwaka wa pili huu macho ya ghala hili ni yeye."

Mkaguzi hakumfukuza mtu. Aliandika anachojua yeye, na baada ya mwezi Bogado akapasuliwa macho, akarudi na miwani minene kama vitako vya chupa. Alikuta Deolinda amepewa koti la fundi na kile kiti alichokikalia yeye. Akaomba kibao, akaketi kando yake kama msaidizi hadi alipostaafu, na hakuna siku niliyosikia analalamika. "Nilikuwa bosi kipofu," alisema, "sasa ni msaidizi anayeona. Nimepandishwa cheo."

Haya yote nilisimuliwa. Mimi niliingia kikosini Deolinda akiwa tayari Ña Deolinda, yaani Bi Deolinda, mwanamke wa heshima yake, na hata mkuu wetu, afande Riquelme, alikuwa akivua kofia kabla ya kuingia ghalani. Watu wa nje hudhani kikosi maalum ni bunduki ndefu na moshi wa mabomu. Bunduki ndefu ina mahali pake. Lakini ukishaingia ndani ya nyumba, kwenye korido ambayo huwezi hata kunyoosha mikono, mwenzako yuko mgongoni na mtoto wa watu analia nyuma ya mlango, unachobaki nacho ni bastola. Bastola ikikuangusha hapo, hakuna wa kumlalamikia.

Ña Deolinda alijua hilo kuliko sisi. Hakuzipa bastola majina. "Jina ni la mtu na mbwa," alisema. Kila moja ilikuwa na namba, na kila namba alijua tabia yake. Namba saba inapenda mafuta. Namba ishirini na tatu inatupa maganda kushoto, aliyeivaa asisimame karibu na ukuta. Kulikuwa na sheria moja mezani pake: bastola inatua ikiwa tupu, imefunguliwa, na mwenye nayo ametia kidole ndani kuonyesha kwamba hamna kitu. "Hata akija askofu na bastola," alisema, "atatia kidole."

Nilikuwa na miaka ishirini na sita na kichwa kikubwa. Nilikuwa hodari wa shabaha na nilijua kuwa mimi ni hodari, na huo ni ugonjwa. Jamaa mmoja wa mashindano ya kulenga alinieleza kwamba siri ya kasi ni kifyatulio chepesi: pale kidole kinapovuta pawe laini kama siagi. Basi nikaichukua namba kumi na tisa nyumbani, nikaifungua juu ya meza ya kulia chakula, nikaikwangua kwa tupa ndani mahali nilipodhani ndipo. Sitasema mahali gani. Kesho yake kiwanjani nilimshinda kila mtu. Taciano, rafiki yangu ambaye mdomo wake haukuwahi kupumzika, aliniita Radi. Nikatembea wiki mbili kifua mbele.

Kisha ikafika siku ya ukaguzi wa mwezi. Nikatia kidole, nikaiweka mezani, nikageuka niende zangu.

"Wilfrido, hebu rudi."

"Naam, mama."

"Namba kumi na tisa ilikwenda kwa fundi gani?"

"Haikwenda popote, mama."

"Basi fundi alikuja kwako. Na alikuwa na tupa ya kukwangulia kwato za farasi, kwa ninavyoona."

Nikahisi masikio yanawaka moto. Bogado, aliyekuwa bado kwenye kibao chake, alivua miwani akaanza kuifuta ili asinitazame.

"Mama, inanipa nusu sekunde. Nusu sekunde ni maisha."

"Ya nani?"

"Yangu."

Alishusha bisibisi. "Nusu sekunde hiyo haikuwa yako, mwanangu. Ilikuwa ya yule aliye mbele ya mtutu. Umemwibia."

Akaiweka namba kumi na tisa sandukuni akafunga kwa ufunguo, akatoa kitu chini ya meza akakiweka mbele yangu. Ilikuwa bastola ya mti, ameichonga mwenyewe kwa mbao ya lapacho, ngumu na nzito, imelingana na namba kumi na tisa kila upande. Hata namba aliiandika, lakini kwa kalamu ya risasi.

"Mwezi mmoja," akasema.

"Mama, mimi ni askari wa kikosi maalum!"

"Ndiyo maana nimeipiga msasa. Isikuchome vibanzi."

Nikakimbilia kwa afande Riquelme. Yeye alikuwa ameshaambiwa. "Ña Deolinda kasema mwezi?" akauliza. "Basi ni mwezi. Na usichelewe zamu ya mazoezi."

Ninyi hamjapata kuona aibu. Mwezi mzima nilivunja milango ya mazoezi na kipande cha mti mkononi, nikipiga kelele kwa mdomo, "Pa! Pa!" Taciano, aliyekuwa akiigiza mhalifu, alikuwa anaanguka chali anashika kifua, analia, "Jamani, nimekufa! Nimepigwa na mlango!" Wengine wakaniuliza kama naimwagilia maji asubuhi. Mtu akaacha kopo la dawa ya mchwa kwenye kabati langu. Taciano alikwenda mbali zaidi, akampigia mke wangu simu. "Shemeji, leo mkiishiwa kuni, mwangalie mumeo kiunoni." Mke wangu alicheka hadi akakata simu.

Mwezi ulipokwisha, Ña Deolinda alinirudishia namba kumi na tisa. Ameitia vipande vipya ndani. Nikaivuta ikiwa tupu, nikielekeza ukutani, na uso wangu ukasema kila kitu.

"Ni nzito, mama."

"Ni kama ilivyotoka kwa mama yake."

Sitadanganya, nilimchukia. Kwa miezi mitatu nilimpa salamu ya shingo upande, na tereré aliyonipa niliipitisha kwa anayefuata bila kunywa. Yeye aliendelea kuikagua bastola yangu kwa makini yaleyale, na mafuta aliyoipaka hayakupungua hata tone.

Mwezi wa Novemba, mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe alitekwa. Siku ya tisa zikapatikana habari kwamba amefichwa kwenye nyumba yenye geti la kijani huko Luque. Tulifika saa nne asubuhi, jua limeshakuwa kali, harufu ya nyama choma ya majirani hewani. Wenzetu walipewa mlango wa mbele. Mimi na Taciano tukapewa uani. Jambo moja hatukuambiwa, kwa sababu aliyechora ramani hakulijua: ua ule ulikuwa wa nyumba mbili, na mlango wa pili wa nyuma ulikuwa wa mtu mwingine kabisa.

Mlango wa mbele ukavunjwa kwa kishindo. Taciano akakimbilia dirisha la kushoto. Nami nikabaki katikati ya kamba za nguo, namba kumi na tisa mkononi, nikiutazama ule mlango wa pili. Ukafunguka. Ndani kulikuwa giza, nje mwanga wa kuumiza macho. Akatokea mzee, mwembamba, kavaa fulana nyeupe. Nikapiga kelele, "Polisi! Tupa chini!" Yeye akainua mkono wa kulia hadi usawa wa macho, na katika mkono ule kulikuwa na kitu cheusi cha chuma chenye mpini wa mti, kinanielekea.

Tunafundishwa kwamba kidole kinakaa nje ya kifyatulio hadi umeamua. Kidole changu hakikuwa nje. Kilikuwa ndani, na kilikuwa kinavuta.

Nilihisi kifyatulio kinakataa, kama unaposukuma mlango ambao upande wa pili kuna mtu ameuegemea. Nikazidisha. Na katika kule kuzidisha, jua likapiga kitu kilichoning'inia kwenye kile chuma. Uzi. Uzi mwembamba mwekundu, umejiviringa, unacheza kwa upepo. Bastola haina uzi. Nikaachia kidole.

Mzee alikuwa anajikinga jua. Kile chuma kilikuwa ufunguo wa kukazia nyuzi za kinubi. Alisikia kishindo, akatoka kuangalia, na mkono uliokwenda usoni ndio uliokuwa umeshika ule ufunguo.

"Mnatafuta nani?" akauliza, anakodoa macho.

Nikamwonyesha kwa ishara arudi ndani alale chini, akarudi. Baada ya dakika chache tukasikia wenzetu wanashangilia. Mtekwa alikuwa hai, watekaji wawili wamekamatwa chini ya kitanda, hakuna risasi hata moja iliyopigwa. Afande Riquelme alitupiga mabegani mmoja mmoja.

Tuliporudi, wenzangu walielekea kantini. Mimi nilikwenda ghalani na fulana yangu ya kuzuia risasi bado mwilini. Nikatoa risasi, nikafungua bastola, nikatia kidole, nikaiweka mezani. Kisha nikaketi kwenye kibao cha Bogado, ambaye wakati huo alikuwa ameshastaafu, nikamweleza Ña Deolinda kila kitu. Nilitarajia aseme "nilikwambia". Nilikuwa hata nimejiandaa kulisikia.

"Alikuwa amevaa nini?" aliniuliza.

"Fulana nyeupe. Na ndala, moja ya bluu, moja nyekundu."

"Jina lake?"

"Sijui, mama."

"Umetaka kumuua mtu na jina lake hulijui." Sauti yake haikuwa ya ukali, ilikuwa ya mtu aliyechoka. Akanijazia tereré kwenye kikombe cha pembe akanipa. "Kunywa. Kesho Jumamosi tutakwenda kumwuliza."

Kesho yake alinisubiri nje ya nyumba yake na kikapu cha chipa za moto, ile mikate midogo ya jibini, zilizofunikwa kwa kitambaa. Njiani ya moyoni nilikuwa nayo mengi, lakini kila nikifungua mdomo nanusa jibini ya zile chipa nafunga tena.

Mzee alikuwa uani, pale pale, anapiga msasa mgongo wa kinubi. Akatutazama.

"Wewe ndiye wa jana," akaniambia. "Mlango wa jirani mmeshauvunja. Sasa umefuata wangu?"

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kukuomba radhi."

"Ya nini? Hukunigusa."

Nikamwambia. Kwamba nilidhani ufunguo wake ni bastola, kwamba kidole changu kilikuwa kinavuta, kwamba ilibaki kidogo mno. Aliacha kupiga msasa. Akaketi juu ya gogo. Nyuki walikuwa wanazunguka mti wa mchungwa na nikawasikia mmoja mmoja.

"Kwa nini hukuniua, basi?"

Ningeweza kudanganya. "Kifyatulio kilikuwa kizito, mzee."

"Mungu wangu. Na mimi usiku mzima nilimsifu Mungu kwa huruma yako."

"Huruma anayo," Ña Deolinda akaingilia, "ila huwa inachelewa kidogo kufika. Kile kifyatulio kiliisubiri."

"Na wewe ni nani, mama yake?"

"Fundi wa bastola yake."

Mzee aliinuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Tukabaki tumesimama. Nikasema, "Mama, twende, amekasirika." Akanijibu, "Ana haki ya kukasirika. Tusimame mpaka amalize." Tukasimama. Jua likanipiga kisogoni. Labda ilikuwa robo saa. Mlango ukafunguka, mzee akatoka ameosha mikono na uso, macho mekundu, ameshika viti viwili.

"Hizo chipa zitapoa," akasema. "Naitwa Eulogio Fretes."

Tukala. Mzee Eulogio alikuwa mjane pia, mtengenezaji wa vinubi tangu ujana wake, na alikuwa na maneno. Aliniuliza maswali mengi kuhusu kazi yetu, akanikemea kama baba, kisha akanipa chipa ya nne kwa lazima. Ña Deolinda alikuwa ameuokota ule ufunguo wa kinubi mezani, anaugeuza, anachungulia tundu lake.

"Umechakaa ndani," akasema. "Hautelezi kwenye vigingi?"

"Unateleza mwaka wa tatu sasa. Nimezoea."

"Hutakiwi kuzoea." Akaufunga kwenye leso yake. "Nitakurudishia Jumamosi ijayo."

Mzee Eulogio akamtazama, akanitazama mimi, akamtazama tena yeye. "Na hadi Jumamosi nifanye kazi kwa meno?"

"Una mwingine. Niliuona dirishani."

Jumatatu niliandika ripoti yangu na sikuficha. Afande Riquelme aliisoma amesimama. "Cantero, hakuna aliyeumia na hakuna aliyekuuliza."

"Ndiyo, afande."

"Basi kwa nini umeandika?"

"Kwa sababu kidole kilikuwa ndani, afande. Na si changu peke yangu. Waangalie wenzangu mazoezini."

Akawaangalia. Alikuta wanne wengine. Mimi niliondolewa kwenye kundi la kuingia majumbani kwa miezi sita, nikapewa kazi ya kuwafundisha wapya, na ile ya miezi sita ikawa ndiyo kazi yangu hadi leo. Ramani nazo hazikuchorwa tena na mtu mmoja. Neno la kwanza ninalowafundisha wapya si kulenga, ni mahali pa kidole, na wale wenye vichwa vikubwa nawajua kwa kuwatazama tu wanavyotembea.

Na ule ufunguo wa kinubi? Ña Deolinda aliujaza tundu, akalichimba upya, akaurudisha Jumamosi, bila mimi. Jumamosi iliyofuata akaenda tena, eti kuangalia kama umekaa sawa. Iliyofuata tena, eti vigingi vya kinubi fulani vilihitaji mafuta. Taciano akaanza kupiga hesabu ghalani kwa sauti. "Kinubi kina nyuzi thelathini na sita. Mama akirekebisha uzi mmoja kila Jumamosi, mzee wa watu hatapumzika hadi Agosti!"

"Taciano, bastola yako ina uchafu."

"Nimeisafisha leo, mama!"

"Isafishe tena. Labda na mdomo utatakata."

Lakini alikuwa anatabasamu, na tulikuwa hatujazoea kumwona akitabasamu na bastola ikiwa mezani. Akaanza kuvaa hereni. Siku moja nikamkuta anasikiliza springi sikioni, halafu anaiga sauti ya ile springi kwa kuimba chini chini, anatafuta ni noti gani. Nikarudi nje polepole nikabisha hodi upya.

Walifunga ndoa miaka miwili baadaye, kanisa la Luque, Ña Deolinda ana hamsini na minane. Afande Riquelme ndiye aliyemshika mkono hadi madhabahuni, kwa kuwa baba hayupo na mwanawe alifika kutoka Buenos Aires amechelewa, anahema. Mzee Bogado alikuja na miwani yake na mkongojo. Mzee Eulogio aliposimama kuwashukuru watu, alisema alikuwa amekata tamaa ya kuoa tena, mpaka serikali ilipomletea mke kwa njia ya kumtolea bastola. Watu wakaangua kicheko. Mimi nilichelewa kucheka. Mzee akaniona, akaja mezani kwetu, akaniwekea mkono wake mkavu kichwani, akauacha pale hadi nikacheka na mimi.

Ña Deolinda alistaafu mwaka huohuo. Ghala alimwachia Zunilda, binti aliyekuwa akijifunza kwake kwa miaka mitatu, na siku ya kukabidhi walipitia bastola moja moja, namba kwa namba, kama mama anayemweleza yaya tabia za watoto. Sisi tulikuwa tumemwandalia hotuba, nishani na keki. Hotuba aliisikiliza kwa adabu. Nishani aliigeuza nyuma, akasema kipini chake kimelegea, akakikaza palepale kwa koleo. Keki aligawa.

Mwezi uliopita nilikwenda Luque kuwaona. Ña Deolinda sasa ana sabini na mmoja, mzee amepita themanini. Niliwakuta uani, kinubi cha mteja kiko katikati yao, na wanagombana. Mzee anasema uzi wa kumi na mbili uko sawa. Bibi anasema umeshuka, tena umeshuka sana, na mteja akija atawacheka.

"Masikio yangu yamefanya kazi hii miaka sitini!" mzee akafoka.

"Ndiyo maana yamechoka."

"Wilfrido, wewe ni mtu wa haki. Sikiliza." Akaupiga ule uzi. Ukalia. Kwangu mimi ulilia vizuri sana, lakini nilijua vema kutojibu.

"Mimi sijui muziki, mzee," nikasema.

"Hajui," Ña Deolinda akakubali, anainuka kuchukua ufunguo. "Vuta kiti, mwanangu. Osha mikono kwanza. Ndimu iko dirishani."